Ukurasa Niliouchana Kwenye Daftari la Zamu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini kasoro, nimevaa suruali ya suti niliyofungia ndoa, na soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa na tundu kidoleni. Mlangoni zilipangwa kandambili jozi sita, na juu yake tangazo la mkono: HAPA VIATU HAVIINGII. Ndani, kompyuta yenyewe ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama redio ya sebuleni kwa mama mkwe. Nikajiambia, Aloyce, umeacha kupanda nguzo za simu uje kulinda kitambaa.

Nguzo sikuziacha kwa hiari. Nilikuwa fundi wa simu serikalini kwa miaka kumi na mitatu. Nilianzia Same, nikahamishiwa Rombo, nikaishia Moshi mjini. Ulipokuja wakati wa kupunguza wafanyakazi, nilipewa barua ya mistari mitano iliyonishukuru na kunitakia heri. Nilikaa kwetu Kilema karibu miaka miwili nikipalilia migomba na kugombana na mke wangu juu ya mambo yasiyo na maana. Mtu ambaye hajawahi kupunguzwa kazi hajui jinsi unavyoanza kuwakwepa hata watu wa jumuiya yako kanisani. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililonifanya niwe mwoga, na woga wangu ulimgharimu mtu mwingine.

Aliyeniokoa ni Mkurugenzi. Alikuwa mtu wa familia ya Kihindi iliyouza vitambaa Moshi tangu enzi za babu yake, na biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, yeye akaamua kuuza intaneti ghorofani, juu ya duka la baba yake. Wateja wetu walikuwa wauza kahawa, watu wa utalii, parokia na zahanati za mlimani. Barua pepe zao zote zilipita kwenye mashine moja, ile ya kitambaa, ambayo tuliiita mtambo.

Mwalimu wangu alikuwa Meneja wa Ufundi, kijana wa Machame aliyesomea ng'ambo, mdogo kwangu kwa miaka kumi lakini sikuona aibu kumsikiliza. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mfumo endeshi, yaani programu inayoifanya kompyuta ifanye kazi badala ya kuwa boksi la vyuma, una sehemu ya ndani kabisa inayoitwa kiini. Kiini kina funguo za kila chumba. Wewe na mimi mtambo unatuuliza neno la siri, lakini kiini hakiulizwi na mtu, maana chenyewe ndicho kinachouliza.

Alinifundisha pia habari za pakiti. Barua ikipita kwenye waya hukatwa vipande, na kila kipande ni pakiti. Juu ya pakiti pameandikwa, kama kwenye bahasha, imetoka wapi, inakwenda wapi, na ina urefu gani. Kiini kikiipokea hukiweka kipande hicho kwanza kwenye nafasi iliyotengwa ndani ya kumbukumbu ya mashine. Nafasi hiyo sisi tuliiita bafa. Kipande kikizidi bafa, ile ziada haitupwi. Inamwagikia nafasi ya jirani na kufuta kilichokuwemo, na mara nyingi jirani huyo ndiye aliyeshika maelekezo ya nini mashine ifanye baadaye. Ukiwa na bahati, mtambo unaganda tu. Ukiwa huna bahati, mtu aliyeko mbali amepiga hesabu zake, ameweka maelekezo yake mwenyewe mahali pale, na kiini kinayatii kama yako.

"Aloyce," Meneja aliniambia mara nyingi, "ile namba ya urefu imeandikwa na mtu usiyemwona. Usiiamini. Pima mwenyewe kabla hujapokea."

Nikamjibu ndiyo, mkuu. Nilimaanisha kabisa.

Jambo lingine alilolisisitiza ni daftari la zamu. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, na kila kilichoutokea mtambo kiliandikwa humo na mwendeshaji wa zamu. Pembeni mwa kila taarifa palikuwa na nafasi mbili za sahihi, ya mwendeshaji na ya fundi. Kama fundi hajatia sahihi, jambo lilihesabiwa halijapokelewa. "Taarifa yenye sahihi moja ni umbea," Meneja alikuwa akisema, na sisi tukicheka.

Mwendeshaji wetu alikuwa Mama Manka. Zamani alikuwa opereta wa simu, wale waliokuwa wakiunganisha mazungumzo kwa mkono, na masikio yake yalibaki ya opereta. Aliujua mtambo kwa mlio wa feni. Alikaa Njoro, nyumba ya kupanga, na binti yake mmoja, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba Mkurugenzi alimpa aandike hata kadi za harusi za familia yake. Tulikula pamoja mchana, tukataniana sana. Aliniita Fundi hata nilipokuwa bado sijui kuiwasha mashine.

Baada ya miaka mitatu Meneja wa Ufundi alichukuliwa na kampuni ya Dar es Salaam, nikabaki mimi kuwa Fundi Mkuu. Nilijisikia. Sitaficha. Nilimwambia mke wangu aniandalie shati jeupe kila siku.

Mwaka huohuo Mkurugenzi alinunua kadi za redio zilizokwishatumika nchi nyingine, ili tuunganishwe na Dar bila kutegemea waya uliokuwa ukikatika kila mvua ikinyesha. Kadi zilikuwa nzuri, ila mfumo endeshi wetu haukuzijua. Ilibidi iandikwe programu ndogo ya kuziendesha, na programu ya namna hiyo inakaa ndani ya kiini chenyewe. Niliiandika mimi, kwa miezi mitatu, kwa lugha ya kuandikia programu iitwayo C. Hiyo lugha haikuulizi kitu. Ukiiambia imimine herufi elfu mbili kwenye nafasi ya elfu moja na mia tano, inamimina.

Siku redio ilipowaka na barua ya kwanza kutoka Dar ikaingia, Mkurugenzi alitoka ofisini kwake akiwa na sahani ya vitafunio. "Bwana Aloyce," alisema, "umefanya kitu ambacho mafundi wa Dar walitaka kunitoza roho yangu kukifanya." Mama Manka alipiga vigelegele. Ninakumbuka siku ile kuliko siku yangu ya harusi.

Sasa niwaeleze kosa, maana vijana wanaosoma kompyuta siku hizi huniuliza ilikuwaje mtu aliyefundishwa vizuri akakosea jambo alilofundishwa siku ya kwanza.

Mimi nimekulia kwenye mfongo. Mfongo ni mfereji wa maji unaotoka juu msituni na kupita kihamba hadi kihamba, yaani shamba la familia moja hadi jingine, na kila ukoo una zamu yake. Kwetu tulikuwa na nduwa, bwawa dogo la udongo la kukusanyia maji ya zamu yetu. Aliye juu yako akikufungulia, anakutumia mtu kusema: nimekupa nduwa moja, au nusu. Wewe unapokea na kushukuru. Hupandi kwenda kupima. Kumpima aliyekufungulia maji ni kumwita mwizi mbele ya watu, na baba yangu aliwahi kunichapa kwa kosa hilo hilo. Nikakua hivyo. Nilipokuwa naandika programu ya redio, nikafika mahali pa kupokea pakiti. Pakiti ilisema, mimi nina urefu huu. Nikapokea na kushukuru. Sikupima. Wala sikuona kwamba nimeruka kitu. Mkono wangu uliandika kile nilicholelewa nacho.

Programu ilifanya kazi mwaka mzima na zaidi bila tatizo, kwa sababu mwaka mzima hakuna aliyetudanganya.

Siku moja asubuhi Mama Manka aliniita.

"Fundi, hebu njoo uone. Mtambo umeganda tena. Mara ya tatu wiki hii."

"Umeme wa Moshi huo."

"Umeme upo, aisee, taa si hiyo inawaka? Halafu nimeangalia. Kila ukiganda, pakiti ya mwisho kuingia imejiandika urefu ambao sijawahi kuuona. Zote tatu. Zimetoka sehemu moja."

Nilikuwa na wageni siku ile, watu wa kampuni ya utalii, na sikupenda kuambiwa jambo la kiini na opereta wa simu mbele ya wageni. Ndivyo ilivyokuwa, na inaniuma kuliandika.

"Mama Manka, washa upya, usiguse kitu kingine."

"Na hilo naliandika kwenye daftari sasa hivi. Njoo utie sahihi."

"Nitatia jioni."

Sikutia. Niliondoka na wageni wangu.

Siku mbili baadaye barua za wateja wetu zilisambaa. Aliyeingia, na mpaka leo sijui alikuwa nani wala alitaka nini, alizichukua barua zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye mtambo na kuzituma ovyo kwa kila mteja tuliyekuwa naye. Nyingi zilikuwa za kuchekesha tu. Lakini moja ilitoka zahanati ya mlimani, nayo ilikuwa na orodha ya majina ya watu waliokuwa wamepimwa damu. Miaka ile jina lako likionekana kwenye orodha ya namna hiyo ulikuwa umekwisha, hata kama damu yako ilikuwa safi. Kabla ya Jumapili orodha ilikuwa imechapwa na kupita mikononi. Kanisani kwetu kulikuwa na mama mmoja mwimba kwaya ambaye hakuimba tena.

Asubuhi iliyofuata siku barua ziliposambaa, kabla wengine hawajafika, nililifungua daftari la zamu. Taarifa ya Mama Manka ilikuwa pale, kwa mwandiko ule mzuri. Niliisoma mara moja. Kisha nikafungua programu yangu, nikaenda moja kwa moja mahali pa kupokea pakiti, kwa sababu tayari nilijua. Nikakaa sakafuni na soksi zangu. Neno la siri halikuhitajika. Hakuna aliyeliiba. Mlango niliuacha wazi mimi, mle ndani kabisa ambako hakuna anayeulizwa kitu.

Niliandika mistari mitatu: kama urefu uliotajwa unazidi bafa, itupe pakiti. Ilinichukua dakika chache. Halafu nikauchana ule ukurasa, taratibu, karibu kabisa na uzi, nikaukunja na kuuweka ndani ya kitabu changu cha C.

Mchana Mkurugenzi alituita. Alikuwa hajalala, macho mekundu, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningevumilia vizuri zaidi.

"Neno la siri la mtambo wanalo watu watatu," alisema. "Mimi, Bwana Aloyce, na wewe Mama Manka. Barua za watu zimetoka humu ndani. Nisaidie, mama. Ulimpa nani?"

"Sikumpa mtu."

"Labda uliliandika mahali, mtu akaliona."

"Bosi, mtambo ulikuwa unaganda tangu mwanzo wa wiki. Nilimweleza Fundi. Nimeandika kila kitu, fungua daftari."

Mkurugenzi alifungua. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Akamgeuzia daftari aangalie mwenyewe. Mama Manka alipitisha kidole katikati, pale kurasa zinaposhonwa, akakisimamisha mahali fulani. Alikuwa amegusa kile kimkia cha karatasi kilichobaki. Kisha akaniangalia mimi.

"Bwana Aloyce," Mkurugenzi aliuliza, "alikueleza jambo lolote?"

Niliwafikiria wanangu watatu. Niliifikiria barua ya mistari mitano. Nilifikiria na shati jeupe. Hayo yote ni kweli, na hayanisaidii.

"Alisema mtambo umeganda," nilijibu. "Nilidhani ni umeme."

Mama Manka alilifunga daftari. Alikwenda mlangoni, akavua kandambili za ofisi, akazipanga ukutani mahali pake, akavaa viatu vyake na kushuka ngazi. Mjini maneno yalitangulia mbele yake: kwamba ndiye aliyeuza majina ya wagonjwa. Njoro mwenye nyumba alimwambia atafute pengine. Mwezi uliofuata alihamia Kahe, kwa kaka yake, kulima mahindi na vitunguu kwenye joto la huko. Nilipata habari hizo kwa watu wengine. Kumtafuta sikumtafuta.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mingi, na nilikuwa fundi mzuri, kuliko kabla ya hapo. Nilipima kila kitu. Niliwafokea walionifuata wakiandika mstari mmoja bila kupima. Kila mara habari zilipotufikia kwamba kosa la aina ileile limeonekana ndani ya viini vya mifumo mikubwa, iliyoandikwa na watu wenye akili kuliko mimi, wenzangu walishangaa, mimi sikushangaa. Waliolifanya kule walilitangaza wenyewe, wakatoa marekebisho, na watu wakayapakua na kuendelea na kazi. Nilisoma matangazo yale kwa wivu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuonea wivu kosa la mwenzake.

Nilipostaafu nilifanyiwa sherehe. Kulikuwa na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma amesimamishwa mezani na majani mdomoni, na Mkurugenzi, ambaye sasa naye alikuwa mzee wa kushika fimbo, akasimama kunisifu. "Tangu Bwana Aloyce aushike mtambo wetu," alisema, "tuliingiliwa mara moja tu, na hata siku hiyo kosa lilikuwa la mkono wa mtu, si la fundi." Watu wakapiga makofi. Nikakata nyama ile, nikawalisha kama ilivyo desturi, na kipande changu nikakirudisha sahanini.

Wiki ileile nilimrudia ofisini nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mbona umeniletea mimi?" aliuliza. "Mimi nilikuwa na makosa ya kukuamini tu. Mpelekee mwenyewe."

Nikaenda Kahe. Mama Manka alikuwa amekaa barazani akichambua vitunguu, miwani imefungwa uzi. Amekonda, mikono imekomaa. Binti yake, Manka, sasa mwalimu wa shule ya msingi ya pale, alikuwa kando yake akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Mara ya mwisho kumwona alikuwa darasa la saba.

"Shikamoo, mzee," Manka alisema. Hakunitambua.

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu ndiye Fundi," mama yake alimwambia, bila kuinua macho. Manka akaacha kuandika.

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Moshi. Nikayaacha. Nikatoa kitabu, nikatoa ule ukurasa, nikamnyoshea. Hakuupokea.

"Macho yangu si mazuri siku hizi," alisema. "Soma wewe. Kwa sauti, huyu asikie. Alipigana shuleni kwa ajili ya karatasi hiyo."

Nikasoma. Saa nne na dakika kumi asubuhi, mtambo umeganda, mara ya tatu wiki hii. Umeme upo. Pakiti ya mwisho imejiandika urefu usio wa kawaida, sawa na mara mbili zilizopita. Nadhani kuna mtu anatujaribu. Nimemweleza Fundi Mkuu Aloyce, amesema nisiguse.

Jina langu nililisoma mara mbili. Manka alikuwa ameshika mdomo. Nilianza kusema nisamehe, mama, nilikuwa na woga, wanangu walikuwa wadogo. Mama Manka aliinua kitunguu kimoja kunizuia, kama opereta anavyokata mazungumzo.

"Meneja alikuwa anasemaje juu ya taarifa yenye sahihi moja?"

"Kwamba ni umbea," nilijibu.

"Basi miaka yote hii nimekuwa nikimwambia mwanangu umbea." Akamgeukia. "Manka, mpe kalamu."

Manka alinipa ile aliyokuwa anasahihishia, nyekundu. Niliweka ukurasa juu ya kitabu, kitabu juu ya goti. Nafasi ya fundi ilikuwa pale, nyeupe, pembeni mwa sahihi yake.

"Niandike tarehe ya siku ile?"

"Ya leo," Mama Manka alisema. "Anayesoma ajue umechelewa kiasi gani."

Nikatia sahihi, nikaandika tarehe ya leo. Aliuchukua ukurasa, akaupuliza wino ukauke, akampa binti yake auweke ndani. Kisha akarudi kwenye vitunguu vyake, na hakuna aliyenikaribisha chai.